Kimbunga kikitangazwa tena, mbwa nampeleka wapi?

BintiMasoko: Wadau, salaam. Nipo Kilwa Masoko. Nina mbwa mmoja, koko tu lakini mlinzi, na paka mwenye watoto watatu. Mei 2024 Hidaya ilipotupiga tulibeba watoto, godoro na vyeti tukakimbilia kwa mama mkubwa. Mbwa tukamsahau kwenye mnyororo. Alfajiri mume wangu akarudi, maji ya mapaja, akamkuta kasimama juu ya kichanja cha vyombo, mnyororo umekaza hadi hawezi kugeuza shingo. Mpaka leo mvua ikigonga bati anajikojolea. Masika hayo yanakuja. Mama mkubwa paka anampokea, mbwa hataki hata kumsikia. Nifanyeje?

Chongo: Watu wanakosa pa kulala, wewe unawaza mbwa?

BabuMikindani: Mwache mwenzio aulize. Binti, Mamlaka ya Hali ya Hewa wakishatangaza, mnyororo utoe, tumia kamba utakayoikata kwa kisu mara moja. Aprili 2019 Kenneth ilipotajwa kuja Mtwara, wangu nilimwingiza ndani tangu mchana. Kimbunga kikapiga Msumbiji, majirani wakanicheka wiki nzima. Wacha wacheke.

Mtu wa Mifugo: Chongo, mbwa wakitelekezwa wanazurura na njaa, na wanang'ata. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hapo ni kuandaa sanda. Kwa hiyo dada, chanjo kwanza, kila mwaka, na usingoje upepo uanze maana mwili unahitaji wiki kadhaa kujenga kinga. Kadi yake ifunge kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya watoto.

RuangwaKwetu: Naongezea: maji ya mafuriko asinywe. Huku kwetu 2022 tulipata homa ya mgunda, watu wakafa. Inatoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, inaingia hata kwa mchubuko wa mguu. Mbwa naye anaipata, halafu anaikojoa. Dumu moja la maji safi liwe lake, na ukimsafisha matope vaa buti.

MamaTenga: Paka na wanawe watie kwenye tenga la kuku, funika kanga, funga kamba. Lakini lizoeze sasa, walalie humo. Siku ya siku ukianza kumkamata paka kwa pupa utachanwa, na atapanda darini.

BintiMasoko: Ahsanteni. Tenga ninalo. Bado makazi ya mbwa.

BabuMikindani: Mama mkubwa hana banda la mbuzi? Si lazima aingie ndani. Mate yake yakimgusa mtu ataosha mara saba, moja kwa udongo, yamekwisha.

BintiMasoko: Nimempigia sasa hivi. Banda karuhusu, ila kamba iwe fupi asifike kwenye mkeka wa kuswalia, na chakula chake nije nacho. Kesho namtafuta bwana mifugo wa kata kwa hiyo chanjo.