Alama ziko juu leo, baada ya wiki mbili hakuna kitu: mazoezi ya fizikia kwenye tableti

Mtunzi wa programu, Kisumu
Hamjambo walimu. Tunaunda mazoezi ya umeme kwa kidato cha tatu, tableti moja kwa wanafunzi watatu. Kila mada ina maswali 20 ya kuchagua, yote ya aina moja, na jibu huonekana papo hapo. Siku ya somo wengi hupata 17 kwenda juu. Wakirudia sheria ya Ohm baada ya wiki mbili, hata 10 ni shida. Tuongeze maswali?

Mwalimu wa fizikia, Ahero
Msiongeze. Maswali 20 mfululizo ya V = IR (sheria ya Ohm: volti ni mkondo mara ukinzani) humfunza mtu kugawanya tu, kwa sababu kanuni anaijua kabla hajasoma swali. Mtihani humtaka aichague mwenyewe. Siku ya kwanza toeni 6. Yale 14 yatawanyeni siku ya 2, ya 7 na ya 21, yakichanganywa na ya wati (nguvu ya umeme) na ya vikinzani sambamba (vifaa vya kupunguza mkondo vilivyounganishwa ubavu kwa ubavu). Watafiti wa kumbukumbu Cepeda na wenzake (2008) waliona kwamba mtihani ukiwa siku 35 mbele, pengo lililofaa kati ya vikao viwili vya kujifunza lilikuwa siku 11 hivi. Ukiwa siku 70, siku 21. Walipima kukumbuka mambo mafupi, si hesabu, kwa hiyo hicho ni kianzio tu. Alama za kila siku zitashuka. Waambieni walimu mapema, la sivyo wataizima programu wiki ya pili.

Mwalimu, Kakamega
Naongeza moja: msimchanganyie asiyejua bado. Aanze na mfano uliotatuliwa wote, wa pili ukose hatua ya mwisho, wa tatu ukose mbili. Na namba ziandikwe juu ya mchoro wenyewe. Akipandisha na kushusha ukurasa kutafuta R ni ipi, akili inaishia hapo.

Mtunzi wa programu, Kisumu
Asanteni sana. Na majibu yasiyo sahihi tuyatungeje?

Mwalimu wa fizikia, Ahero
Kila moja libebe kosa linalojulikana. Mfano: betri mbili za volti 1.5 mfululizo, kikinzani cha omu 6, ammita (kipima mkondo) kabla yake inasoma ampea 0.5. Baada yake je? Jibu ni 0.5 ileile. Chaguo la 0.25 humnasa anayedhani mkondo "unaliwa" njiani. 0 humnasa anayedhani umeisha kabisa. Akikosea, msimpe jibu. Mwulizeni ammita ingesoma ngapi karibu na ncha hasi ya betri, ndipo mwonyeshe.

Kwa tableti ya watu watatu, swali lije bila machaguo kwa sekunde 40, kila mmoja aandike jibu daftarini. Vinginevyo mmoja anafikiri, wawili wanatazama kidole chake.

Mkilifanya swali la ammita kwa vifaa halisi, tumieni kikinzani badala ya balbu. Uzi wa balbu ukipata joto ukinzani hupanda, na ammita itapingana na programu yenu mbele ya darasa.