Mafundi mnaopiga Windows juu ya diski inayokufa, mtatumalizia mafaili yetu mpaka lini?

Wakuu,

Salamu baadaye, leo nina hasira.

Kompyuta ya mezani ya shangazi yangu, ya zamani lakini ilikuwa inamtosha, ilianza kuganda kila akifungua folda ya picha. Taa ya diski inawaka mfululizo bila kupepesa, kipanya hakisogei, ndani ya boksi unasikia tik... tik... kisha kimya, halafu mashine inaendelea kama hakuna kilichotokea. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akasema ni virusi, akapiga Windows upya, akachukua hela yake. Tena kwa kujiamini akamtumia shangazi picha mbili za skrini, kabla na baada: "Mama, diski ilikuwa inaumwa, nimeitibu."

Shangazi kanirushia hizo picha. Nimezitazama mpaka macho yakaniuma.

Ni taarifa za SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski inajiandikia yenyewe kuhusu hali yake. Kwenye ya kwanza, namba 5 (sekta zilizohamishwa; sekta ni kipande kidogo cha diski kinachohifadhi data) inasoma 16, na namba 197 (sekta zinazosubiri) inasoma 112. Kwenye ya pili, namba 5 imepanda hadi 71 na 197 imekuwa sifuri. Eti hiyo sifuri ndiyo dawa!

Sikilizeni, maana hapa ndipo mnapoharibu. Sekta inayosubiri ni ile ambayo diski imejaribu kuisoma ikashindwa. Inaiacha kiporo kwa sababu kilichomo huenda bado kinasomeka ikijaribiwa tena. Ukiandika kitu kipya juu yake, hakuna tena cha kuokoa. Ikikubali kuandikwa, inatoka kwenye orodha. Ikikataa, diski inahamishia kazi yake kwenye sekta ya akiba na namba 5 inapanda. Kwa hiyo kati ya zile 112, 55 zilikwenda akiba, 57 zikakubali kuandikwa, na vilivyokuwemo ndani vyote vimefutika. Fundi amefuta majina ya wagonjwa kwenye daftari, akatangaza wodi haina mgonjwa.

Na hakuishia kwenye hizo. Aliformati pateshen C yote (pateshen ni sehemu ya diski iliyogawanywa, yake zilikuwa C na D), ile ya muda mrefu, si ya haraka. Ya haraka inaandika orodha mpya ya mafaili tu, na mengi ya zamani hubaki yanaweza kufukuliwa. Lakini tangu Windows Vista, ile ndefu inaandika sifuri pateshen nzima. Picha za shangazi zilikuwa C, kwenye desktop, kama za watu wengi. Basi tena.

Nilipoiwasha mimi, 197 imeshafika 24. Mgonjwa "aliyepona" huyo.

Kinachoniuma ni kwamba alikuwa na taarifa mkononi. Alipiga picha ya 112 kabla hajagusa kitu! Ukiona namba hiyo unazima mashine, unachomoa diski, unatafuta nyingine yenye nafasi ya kutosha, unawasha Linux kutoka kwenye flashi na kunakili kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Mzunguko wa kwanza unaweka -n ili ichukue kwanza yanayosomeka kirahisi na kuziacha sehemu korofi. Baadaye unarudia kwa -r3, na faili la ramani, ambamo ddrescue inaandika ilikopita, linakumbuka ulipofikia hata umeme ukikatika. Ukishapata nakala, hayo mengine yote, kuformati, kupiga Windows, hata kuitupa, fanya utakavyo.

Wale wa "chkdsk /r kwanza", ile amri ya Windows ya kukagua diski, nanyi nawaona. Hiyo inaisoma diski yote kutafuta sekta mbovu na kurekebisha mafaili humo humo. Kwa diski isiyo na ubovu ila ilizimwa vibaya, sawa. Kwa inayopiga tik, unamkimbiza mahututi.

Halafu kebo. Namba 199 (makosa ya data ikipita kwenye kebo) ikipanda huku 5 na 197 zimetulia, mara nyingi tatizo ni kebo au soketi yake, wala si diski. Badilisha kebo uangalie kama inaacha kupanda. Haishuki hata ukitengeneza, kwa hiyo usiogope hesabu ya zamani. Kwenye mashine za XP zenye kebo pana za IDE, makosa kama hayo yakijirudia Windows inaishusha diski kutoka DMA (njia ya haraka ya kupitisha data) hadi PIO (ya polepole, inayomchosha prosesa), mashine inakuwa nzito ajabu, na watu wanauziwa diski mpya bure. Ya shangazi 199 ilikuwa 0. Niliangalia.

Pateshen D haikuguswa. Ina mahesabu yake na barua. Naikopi sasa hivi kwa ddrescue, sehemu kubwa imetoka, imebaki eneo moja karibu na mwisho ambalo kila likifikiwa tik inarudi na kasi inaporomoka. Aliyewahi kukutana na hali hiyo aniambie: ulinakili kwa kurudi nyuma na -R, au uliacha diski ipoe kwanza? Nahitaji jibu la aliyefanya kwa mikono yake. Anayetaka kuniambia niiweke kwenye friza apite tu, unyevu ukiganda juu ya sahani za diski hata hiyo D nitaikosa.