Nimeingia kamati ya zahanati, kazi yetu ni kusaini tu?

Mkulima wa Ufuta:
Wakuu habari za mihangaiko. Mkutano wa kijiji umenipitisha kuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati, niko Lindi vijijini huku. Sasa kikao cha kwanza tunafika tunakuta muhtasari umeshachapwa, tunaambiwa weka sahihi hapa na hapa, soda hiyo, mkimaliza mnaweza kwenda. Nauliza bajeti iko wapi, najibiwa hayo ya kitaalamu mjumbe. Na jengo lenyewe mawe na mchanga tumesomba sisi, kina mama wamebeba maji ya zege kichwani mpaka boma likafika kwenye linta. Hii kamati ina meno au sisi ni mapambo?

Nesi Mstaafu:
Meno mnayo, hamuyatumii tu. Tangu 2017/18 hela za uendeshaji zinaingia moja kwa moja akaunti ya zahanati badala ya kuzungukia halmashauri, na mpango wa matumizi lazima kamati iupitishe. Mwenyekiti anatoka kwa wananchi, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, ni katibu tu. Ombeni taarifa ya benki kila robo mwaka. Halafu maboksi ya MSD, bohari ya dawa ya serikali, yakifika mjumbe awepo, afungue na kuhesabu na hati mkononi, mseto ya malaria pakiti ngapi, amoksilini ngapi, asisaini kwa kukadiria.

Mfawidhi wa Porini:
Jamani msituonee. Niko na mhudumu mmoja, nazalisha usiku, asubuhi chanjo, mchana ripoti, na mfumo wa mahesabu nao unataka niwe mhasibu. Nikiita kikao swali la kwanza posho, saa mbili inageuka saa sita, ndo maana muhtasari naandaa mapema. CHF nayo, hiyo bima ya afya ya jamii, kaya inachangia mara moja kwa mwaka mzima, hawajiungi, ila dawa zikiisha mchawi ni mimi 😂

Dada wa Kilosa:
@Mfawidhi wa Porini hawajiungi kwa sababu mtu anafika na kadi anaandikiwa akanunue duka la dawa, sasa kadi ya nini? Kwetu wajumbe walianza kubandika mlangoni orodha ya dawa zilizopokelewa, na mkutano wa kijiji inasomwa kwa sauti. Mganga mwenyewe kapumua maana akisema dawa zimeisha watu wanajua ziliingia ngapi.

Mkulima wa Ufuta:
Shukrani wakuu. Hiyo taarifa ya benki naiomba kwa mdomo au niandike barua? Sitaki nionekane namwinda mtu, mganga mwenyewe tunaye huyo huyo mmoja.

Nesi Mstaafu:
Barua ya kamati, asaini mwenyekiti, sio wewe peke yako. Nakala kwa mtendaji wa kijiji. Ila kabla ya barua mfuate umwambie kwa mdomo, asije kuisikia kwa watu.