Mimi na shemeji tumegombana juu ya keneli ya Linux. Nibadili au niache?

KijanaWaSae
Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Huku baridi ya mwezi wa sita imeshika, hadi vidole vya mpiga kinanda vinagoma.

Nina chumba kidogo cha kurekodia kwaya hapa Sae. Kompyuta ni moja, ya Linux, na tunaitumia wawili: mchana mimi narekodi, usiku shemeji anarenda (anatoa video iliyokamilika baada ya kuhariri) video za harusi na sendofu. Tatizo langu ni sauti kuchelewa. Jumamosi mama mmoja wa sauti ya kwanza aliingia kibandani, ubeti haujafika katikati akavua hedifoni sikio moja, kisha yote mawili. "Mwanangu, kuna mtu ananifuata nyuma anarudia ninachoimba. Ni kama naimbia chini ya mlima Loleza." Kwaya nzima ikacheka. Mimi sikucheka, walikuwa wamelipia masaa manne.

Bafa, yaani idadi ya sampuli za sauti zinazokusanywa kabla ya kuchakatwa, iko 1024. Nikishusha hadi 128 mwangwi unaisha, ila sauti inaanza kukatika, pa! pa!, kama bisi kwenye sufuria.

Nataka kuweka keneli (kiini cha Linux kinachogawa zamu za prosesa) ya muda halisi. Shemeji hataki hata kusikia: anasema itamchelewesha kurenda, na kwamba wenye Linux wenyewe waliikataa miaka ishirini. Naombeni ushauri. Matusi hapana.

Kihesa_Juu
Shemeji yupi, kaka wa mke au mume wa dada? Hilo linabadili ushauri.

KijanaWaSae
Kaka wa mke. Na kompyuta tulichanga nusu kwa nusu.

Kihesa_Juu
Basi usiiguse keneli bila ruhusa.

FundiUyole
Piga hesabu kwanza. Kama kadi ya sauti inachukua sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 1024 ni milisekunde 21 na ushee, na hapo ni kuingia tu. Sauti lazima itoke tena, kwa hiyo mama anajisikia baada ya zaidi ya 40. Bafa ya 128 ni milisekunde 2.7. Ndani ya muda huo kompyuta iwe imemaliza kazi na kurudi. Kitu kingine kikishikilia prosesa kwa milisekunde 5, hiyo ndiyo bisi yako.

Na ugomvi wenu ni wa zamani kuliko studio. Keneli ikiwa katikati ya shughuli yake, ikatizwe ili mwenye haraka aingie, au imalize kwanza? Kila kukatiza kuna gharama, na kazi ndefu ya shemeji ndiyo inayoilipa. Ni daladala ya kutoka Mwanjelwa: konda akisimama kila anaponyooshewa mkono, wa barabarani wanamshukuru, wa kiti cha nyuma anachelewa Uyole.

Mnyalukolo
Shemeji amekosea historia. Miaka ya 2001 na 2002 kulikuwa na kambi mbili za waandishi wa keneli. Andrew Morton alipita ndani ya keneli akitafuta mizunguko mirefu ya msimbo na kuiwekea vituo vya kuachia prosesa. Robert Love akaja na kiraka (marekebisho ya msimbo) kinachoruhusu keneli ikatizwe karibu popote, isipokuwa inaposhika kufuli, yaani inapozuia wengine wasiguse data inayoitumia. Kambi ya kwanza ikasema kufuli ndefu zitabaki palepale, hivyo ule ucheleweshaji mbaya kabisa hujautibu. Ya pili ikasema kuwinda mizunguko mmoja mmoja ni kazi isiyoisha. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akakipokea cha Love kwenye toleo la 2.5.4, Februari 2002, na vituo navyo vikaendelea kuwekwa.

Hiyo ya muda halisi, PREEMPT_RT, haikukataliwa. Iliingia kipande kwa kipande, kwa sababu inagusa kufuli zenyewe. Mwishoni ilikwama kwenye printk, kijisehemu cha kuandika ujumbe tu! Septemba 2024 Thomas Gleixner, kiongozi wa mradi huo, alimkabidhi Linus ombi la mwisho la kuiingiza huko Vienna, limefungwa kwa karatasi ya dhahabu kama zawadi ya sendofu. Likatoka na toleo la 6.12.

Tosamaganga77
Umemruka Con Kolivas, daktari wa usingizi wa Australia. Alitengeneza skejula (kigawa zamu za prosesa) kwa ajili ya sisi watu wa kompyuta za mezani, 2007 Linus akachukua CFS, skejula ya Ingo Molnar. Jamaa akaondoka. Alionewa.

Mnyalukolo
Hakuonewa. Linus alisema anataka mtu wa kushughulikia malalamiko ya watumiaji, siyo wa kubishana nao. Na CFS yenyewe imeshapisha skejula nyingine, EEVDF, tangu toleo la 6.6. Turudi kwa kijana.

FundiUyole
Kijana, muda halisi siyo kasi. Ni ahadi kwamba kuchelewa hakutapita kiasi fulani. Kabla ya kufika huko, fanya haya usiku mmoja. Angalia kama mtumiaji wako ana ruhusa ya kipaumbele cha sauti, wengi hawana na wanailaumu keneli. Andika uname -v; ukiona PREEMPT_DYNAMIC, huhitaji keneli mpya: weka preempt=full na threadirqs kwenye mstari wa kuwashia, kwenye chaguo la pili la menyu. Wewe unawasha la pili, shemeji anawasha la kwanza. Halafu chomoa kila kisichohusika na muziki.

Kadi yako haina kitufe cha kurudisha sauti ya maiki moja kwa moja kwenye hedifoni?

KijanaWaSae
Inacho, sikukijua! Mama atapona kwa hicho. Ila kinanda hakitapona, sauti ya piano inatengenezwa na kompyuta yenyewe.

KijanaWaSae
Mrejesho, siku tatu baadaye. Ruhusa ya kipaumbele sikuwa nayo kweli. Nimeweka, nimeongeza chaguo la pili, 128 ikawa inakatika mara moja moja tu. Nikachomoa kidude cha waifai kilichokuwa kwenye kigawa-tundu kimoja cha USB na kadi ya sauti, ikanyamaza kabisa. Jana tumerekodi nyimbo tatu bila bisi hata moja. Ndaga fijo, FundiUyole.

Shemeji keneli ameiridhia. Sasa anauliza nani alichomoa waifai yake wakati video ya bibi harusi inapanda.