Shingo ya Shangazi

*Gumzo la familia, Tanga*

Shangazi Mwanahawa: Asalaam aleikum. Wanangu, koo bado linaniuma, wiki ya tatu sasa. Dawa za mafindofindo nimemaliza dozi mbili, wapi!

Baba Mkubwa Salim: Waaleikum salaam. Pole sana dada. Pengine rovu hilo, tumia chumvi yenye madini joto.

Nuru: Shikamooni. Baba Mkubwa, rovu la kukosa madini joto huvimba taratibu, kwa kawaida haliumi. Shangazi, panauma ndani kooni au mbele ukipagusa?

Shangazi Mwanahawa: Marahaba mwanangu. Mbele, chini ya kongoromeo. Hata mtandio ukigusa tu. Maumivu yanapanda tayani mpaka sikio la kulia. Wiki iliyopita yalikuwa kushoto.

Nuru: Kabla ya hapo uliugua mafua?

Shangazi Mwanahawa: Yale ya mwezi uliopita, yalinilaza siku nne.

Hamisi: Dada Nuru, mama usiku analowa jasho na feni inawaka. Akimimina chai mikono inatetemeka. Gauni la Idi linampwaya. Tulidhani mawazo.

Nuru: Si mawazo hayo Hamisi. Shangazi, simama kwenye kioo, inua kidevu, meza funda la maji. Kivimbe kinapanda?

Shangazi Mwanahawa: Kinapanda, kinashuka. Kigumu.

Nuru: Basi naona ni tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo inayotoa homoni, imevimba kwa maumivu. Mara nyingi hufuata mafua ya virusi, ndiyo maana zile dozi hazikusaidia. Tezi ikiumia inamwaga homoni ilizoweka akiba: moyo mbio, jasho, kukonda. Akiba ikiisha mambo hugeuka, unachoka, unasikia baridi, choo kinafunga. Wengi hupona baada ya miezi, ila lazima upimwe damu: TSH na T4, homoni zinazoonyesha tezi inavyofanya kazi, na ESR, inayoonyesha kama kuna uvimbe wa ugonjwa mwilini.

Mama Asha: Mimi nilipomzaa Asha, mwezi wa tatu moyo ulinienda mbio hivyohivyo. Shingo haikuuma.

Nuru: Upo uvimbe wa tezi hii wa baada ya kujifungua wifi, huo hauumi. Wengi huambiwa ni uchovu wa kulea.

Hamisi: Kesho saa moja asubuhi nampeleka.

Nuru: Akishindwa kupumua au kumeza, au shingo ikawa nyekundu na homa kali, usingoje kesho.

Shangazi Mwanahawa: Jirani kaniletea propranolol yake, anasema inatuliza moyo.

Nuru: Usiimeze shangazi! Wewe una pumu, itakubana kifua. Mwambie daktari una pumu kabla hajaandika chochote.

Shangazi Mwanahawa: Haya mwanangu. Namrudishia sasa hivi.