Mjadala: Kikomo cha makato ya teksi za simu Lubumbashi, kiwekwe au kiachwe?

Mwanzisha mada: Jambo kwenu wote. Mwaka 2022 Kenya iliweka kikomo cha 18% kwa kamisheni ya kampuni za teksi za simu. Haut-Katanga, mkoa wetu, nayo ipange namba yake?

Dereva, Katuba: Ipange, lakini iangalie inapanga nini. Tuchukue safari ya 10,000 FC (franga za Kongo). Kamisheni ya 20% ni 2,000. Ada ya kuitisha gari tuseme 500. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16% juu ya hizo 2,500 ni 400. Dereva amekatwa 2,900, yaani 29%, na kampuni bado inatangaza 20%. Abiria akipewa punguzo akalipa 8,000, makato yakabaki kwenye 10,000 na kampuni isirudishe tofauti, hapo dereva amekatwa zaidi ya 36% ya franga alizopokea. Sheria ikiandika "kamisheni" tu, ada itapewa jina jingine na mambo yaendelee. Iandike "makato yote".

Mwenye gari, Kampemba: Mimi napinga. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu ya Tanzania, ilishusha kamisheni hadi 15%. Uber ikasimamisha kazi Aprili, ikarudi Januari 2023 kiwango kilipokwisha kupandishwa hadi 25%. Kampuni ikifunga hapa, versement ya jioni, pesa ambayo dereva humletea mwenye gari, itatoka wapi?

Manseba (dereva wa pikipiki), Ruashi: Msisahau moto, yaani pikipiki zetu. Ada ya 500 kwenye safari ya 2,000 ni robo nzima kabla ya kamisheni. Ada isiyobadilika inaumiza safari fupi.

Mhasibu, Kamalondo: Mnagombania asilimia, nauli yenyewe mmeiacha. Kampuni ikibanwa kwenye 15% ikashusha safari hadi 6,500, dereva anabaki na 5,525. Ikikata 25% kwenye 8,000, anabaki na 6,000. Kikomo bila bei ya chini kwa kilomita kinaweza kumpunguzia yule tunayetaka kumlinda. Hesabuni pia kilomita za kumfuata abiria: safari ya km 8 na km 3 za bure, kwa gari linalokula lita 9 kwa km 100, ni karibu lita nzima. Bei ya esanse (petroli) inapangwa na serikali kwa kanda, na sisi tuko Kusini. Bei ya chini ifungwe kwenye bei hiyo, ipande nayo siku ileile.

Dereva, Katuba: Nakubali. Ila tukienda kwa wakubwa twende na ushahidi. Piga picha ya salio lako kwa kampuni, lile makato yanakotolewa, kabla ya kukubali safari, piga ya nauli kwenye simu ya abiria akishuka, kisha ya salio tena. Tofauti ya salio igawe kwa franga alizotoa abiria. Fanya safari 20, asubuhi na usiku, kwa pesa taslimu tu. Katikati usijaze salio, na safari iliyoingiza bonasi iache pembeni, maana bonasi inaficha makato.

Mwenye gari, Kampemba: "Makato yote" kwa fedha halisi ya abiria, hapo naweza kusogea. Kianze na 25%, kipitiwe upya baada ya miezi 6.

Dereva, Katuba: Ndugu yangu, hiyo 25% ni TVA ikiwa ndani au ikiwa nje? Kwenye ile safari ya 10,000, ikiwa nje ni 400 nyingine.