Naomba ushauri: chanjo ya ndigana kali mahali penye nyati

Ndugu wafugaji na madaktari wa mifugo, nimepoteza ndama watatu kwa ndigana kali. Kimelea chake, Theileria parva, ni cha seli moja, jamaa ya kile cha malaria; huletwa na kupe, kikaingia katika chembe nyeupe za damu na kuzifanya zigawanyike ovyo kama za saratani, nacho kikigawanyika pamoja nazo. Nakusudia kuwachanja waliobaki kwa chanjo ya Muguga, yenye vimelea hai, ambayo hudungwa pamoja na oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki. Hofu yangu ni kwamba malisho yetu yanapakana na hifadhi yenye nyati, ambao hubeba vimelea vyenye tofauti nyingi za kijeni, na baadhi huweza kuishinda kinga ya chanjo. Je, mliochanja mahali kama hapa mlipata matokeo gani, na mliendelea kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe mara ngapi kwa wiki?